Pistoni ya 68: duka linauza, shimo linalipa

Weka pistoni mbili juu ya meza. Zote ni za motopompe, ile ya petroli ambayo kila mtu wa Masisi na Walikale anaijua kwa kelele yake usiku. Pima upana wake: moja ni milimita 68, ya pili nayo 68. Rangi ni moja, katoni zinafanana, bei karibu sawa. Kijana wa dukani atakuambia: "Ni ileile tu, papa, size iko moja." Na hadanganyi, size iko moja kweli. Lakini ukikosea kati ya hizo mbili, injini inaweza kuvunjika kabla jasho la fundi halijakauka.

Jambo lenyewe si uchawi. Injini hizi ndogo zinatengenezwa na viwanda vingi vya China kwa kufuata mfano wa Honda. Mara nyingi kwenye kibati chake kumeandikwa 168F, au 168F-2. Ya kwanza iko na nguvu ya farasi 5.5, ya pili 6.5. Silinda zao zina upana mmoja, 68. Tofauti iko kwenye mwendo: pistoni ya injini ndogo inasafiri milimita 45, ya kubwa inasafiri 54. Kwa sababu hiyo pistoni ya ndogo imeachiwa chuma kirefu zaidi juu ya lile tundu la aksi. Ukiitia ndani ya injini kubwa, inapanda kupita mpaka wake, inagonga supapu. Ukifanya kinyume, injini inawaka vizuri, watu wanapiga makofi, kisha inashindwa kupandisha maji. Nusu saa nzima mnalaumu bomba, mnalaumu petroli ya kadafi, kumbe kosa liliuzwa dukani.

Nimeanza na pistoni hii kwa sababu ndiyo inaonyesha vizuri ugonjwa unaotutesa kwenye njia zote za migodi, kutoka Birere mpaka Sake, Rubaya, Nyabiondo, Mubi na Ndjingala. Maduka ya piesi yameongezeka sana. Watu wanaojua piesi wamepungua.

Mazungumzo yanaendaga hivi. Mchimbaji anafika, matope bado kwenye buti, amelala njiani.

"Muzee, jambo. Iko pistoni ya motopompe?"

"Iko, mukubwa. Ya motopompe gani?"

"Ile ya bleu."

"Ya bleu iko. Hii hapa. Orijino."

Analipa, anafunga kwenye sachet, anarudi. Hakuna aliyeuliza kibati kinasema nini. Hakuna aliyeomba pistoni ya zamani ili aiweke sambamba na mpya. Rangi ya motopompe imekuwa ndiyo namba yake! Na juu ya kaunta kuna kile kikaratasi ambacho sote tunakijua, kimeandikwa kwa Kifaransa kwamba bidhaa iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi.

Kwa mtu wa Goma, kosa hili ni hasira ya asubuhi moja. Anarudi dukani, anagombana, pengine anabadilishiwa. Kwa mtu wa Walikale ni hesabu nyingine. Kutoka kwenye mashimo ya Bisie mpaka Ndjingala, wabebaji walizoea kutembea zaidi ya kilomita 40 za msitu na mzigo mgongoni. Kuna miaka ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya barabara yenyewe kule Kilambo, zinaleta bidhaa na kuondoka na kasiterite, na piesi iliyokosewa iliweza kurudi Goma na ndege ya kesho kama rubani alikubali. Leo piesi inapita mikono ya motari, ya dereva wa Fuso, ya shemeji, na kila mkono unataka kitu. Tangu vita vilipofika Goma mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa na mabenki yakafunga milango, hata pesa ya kununulia piesi nyingine imekuwa safari peke yake.

Na muda huo wote maji hayangoji. Shimo lililolala siku nne bila kuvutwa maji halirudi vile lilivyokuwa. Udongo wa kando unalowa, miti ya kushikilia inalegea, na timu ya kwanza kushuka ndiyo inajaribu kama bado kunashika.

Nani analipa? Watu wa nje wanafikiri ni PDG, mwenye shimo. Wachimbaji wanajua vizuri zaidi. PDG anachukua piesi kwa deni, mara nyingi kwa negosia ambaye atanunua madini. Siku ya kugawa, gharama zinatolewa kwanza: petroli, chakula, miti, piesi. Kile kinachobaki ndicho kinagawanywa. Kwa hiyo pistoni mbovu na pistoni ya kuirekebisha, pamoja na supapu zilizopinda, zote zinakatwa kwenye gunia kabla mchimbaji hajaona sehemu yake. Muuzaji wa Goma hajui hata jina la mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa minerval. Sisemi alikusudia, ila mnyororo unaenda hivyo, na unaanzia pale kwenye kaunta.

Haikuwa hivi siku zote, ingawa pia tusidanganyane kwamba zamani kila kitu kilikuwa asali. Wazee wanakumbuka SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya zamani ya madini ya Kivu na Maniema. Kampuni ya namna hiyo ilikuwa na garaji, na garaji ilikuwa na magazinie, yaani mtu wa stoo. Kazi yake ilikuwa moja tu: kujua piesi. Fundi alimletea kipande kilichovunjika, yeye akatafuta namba kwenye kitabu cha mtengenezaji, akaandika fishi, akatoa. Akikosea, lori lilisimama na jina lake lilikuwa kwenye karatasi. Mtu akifanya kazi hiyo miaka kumi, namba zinaingia kichwani kama majina ya watoto wa jirani.

Bei ya bati duniani ilianguka mwaka 1985, SOMINKI ikadhoofika, na mwaka 1997 nafasi yake ikachukuliwa na SAKIMA. Watu wa garaji na wa stoo walitafuta maisha. Wengine walifungua vibanda vya piesi, wengine wakaajiriwa na wafanyabiashara wa Goma na Bukavu. Hiyo ndiyo ilikuwa shule ya kizazi kizima cha wauzaji, bila kuwa na jina la shule. Kijana alikuwa anaanza kwa kufagia, anapanga rulema kwenye rafu, anatumwa kwa fundi, anapigwa kofi la kichwa akileta namba isiyo yake. Baada ya miaka mitatu minne ndipo anaruhusiwa kusimama mbele ya mteja.

Kisha kila miaka michache kulikuja kitu cha kufuta ubao. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kumeza sehemu kubwa ya mji wa biashara. Mwaka 2010, mwezi wa tisa, serikali ilisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema mpaka mwezi wa tatu 2011, na biashara ya Mubi na Ndjingala ikalala. Mwenye duka akifunga, anabeba bidhaa yake. Lakini kijana aliyekuwa anajua bidhaa anaenda kuendesha moto, au anavuka Uganda, na harudi. Duka linapofunguka tena anawekwa mwingine, mdogo wa bibi ya boss, ambaye amemaliza shule na anahesabu vizuri. Kuhesabu anajua, ni kweli. Rulema hajui.

Pia bidhaa zenyewe zimebadilika, na hapa nataka kumtetea kidogo yule kijana. Muuzaji wa zamani alishughulika na magari ya aina chache: Toyota, Land Rover, Mercedes. Wa leo anashika piesi za moto za India na za China za majina mengi, motopompe, jenereta ndogo, kompresa, mashine za kusaga. Katoni moja inafika kutoka Guangzhou, nyingine kutoka Dubai, na mara nyingi ndani hakuna karatasi yoyote. Jina kubwa limechapishwa juu ya kopi, na kopi nyingine imechapishwa vibaya zaidi. Hakuna aliyemfundisha. Boss anamlipa kidogo na kumpa kitu kidogo juu ya kila kinachouzwa. Ukimlipa mtu kwa kuuza, atauza. Akisema "hatuna ya kwako," amepoteza. Akisema "ni ileile tu," amekula. Na akishaanza kujua kazi vizuri anaomba nyongeza, boss anamwacha, anatafuta mwingine wa bei ya chini. Mimi naona kosa kubwa liko hapo, kwa boss, kuliko kwa kijana.

Ukiuliza watu wetu walio Ulaya na Amerika, watakuambia malalamiko hayo wanayasikia huko pia, kwenye yale maduka makubwa yenye matawi kila mji. Mtu wa kaunta anakuuliza gari ni aina gani, ya mwaka gani, anaandika kwenye kompyuta, kompyuta inajibu. Kompyuta ikinyamaza na yeye ananyamaza. Tofauti ni kwamba kule, piesi ikikataa, unairudisha jioni na kulipwa pesa yako. Na kompyuta iko. Sisi tumepata ule ujinga bila ile kompyuta.

Mgodi wa kiwanda hauishi namna hii. Alphamin, iliyoanza kutoa bati pale Bisie mwaka 2019, haiwezi kutuma mtoto dukani kwa kuuliza "ya bleu". Mashine kubwa zinataka stoo, namba na watu wanaolipwa kwa kuzijua. Wachimbaji wa mkono hawana stoo, hivyo stoo yao ni duka. Ndiyo maana ujinga wa duka unawaumiza kuliko mtu mwingine yeyote.

Sasa, wakati tunangoja mabosi wafundishe watu wao, kuna vitu ambavyo mnunuzi mwenyewe anaweza kujua, na havihitaji diploma. Kikubwa ni kwamba chuma kinaongea, kimeandikwa mwili mzima.

Chukua rulema. Pembeni, kwenye pete ya nje au kwenye kifuniko, utaona namba, kwa mfano 6203. Tarakimu mbili za mwisho zinasema tundu la ndani. 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Kuanzia 04 unazidisha mara tano: 04 ni 20, 05 ni 25, 06 ni 30. Basi. Tarakimu ya pili, ile 2, inasema unene wa ukoo wake: 6203 na 6303 zote zina tundu la 17, lakini 6303 ni nene na pana zaidi nje, haitaingia kwenye nyumba ya 6203. Namba hizi ni za dunia nzima. Rulema ya Japani na ya China zikiwa na namba moja, vipimo ni kimoja, ingawa ubora si mmoja. Mtu mwenye namba hawezi kuambiwa "ya bleu". Watengeneza chukudu wetu, ambao wanatia rulema za zamani kwenye magurudumu ya mbao, wengi wao wanazichagua kwa kuangalia tu kwa jicho, na nimeona wakimsahihisha muuzaji mwenye duka la vioo.

Baada ya namba kuna herufi, na hizi ndizo wauzaji wapya wanazidharau. ZZ maana yake kifuniko ni cha bati pande mbili. 2RS maana yake ni cha mpira. Zote zinaingia mahali pamoja. Lakini bati haligusi pete ya ndani, linaacha kijinjia chembamba, na matope ya Rubaya yanakipenda sana. Mpira unafunga. Kwa kitu kinachoishi ndani ya maji na udongo, omba 2RS, na ukipewa ZZ kwa maneno ya "ni sawasawa", irudishe juu ya kaunta kabla hujatoa pesa.

Mnyororo wa moto nao unasema jina lake. 420 na 428 zina umbali uleule kati ya pini na pini, milimita 12.7, na hapo ndipo macho yanadanganywa. Upana wa ndani ndio tofauti: 420 iko na milimita 6 na kidogo, 428 inakaribia 8. Mnyororo mwembamba hautaingia kwenye meno manene, hiyo utaigundua mapema. Ule mpana ukiwekwa juu ya meno membamba unaingia bila shida, unacheza kushoto na kulia, unakula meno, na siku moja unaruka kwenye mteremko wa kushuka Sake ukiwa na abiria wawili na gunia. Kwa buji nitasema neno moja tu: NGK, namba ikipanda buji ni ya baridi zaidi, Bosch ni kinyume, namba ikipanda ni ya moto zaidi. Anayekuambia "namba kubwa ndiyo nguvu" amekisia.

Nimeacha mkanda wa mwisho, na nimeuacha makusudi.

Mashimo marefu yanapelekewa hewa kwa kompresa au feni inayozungushwa na injini kwa mkanda wa V. Mikanda hiyo iko na herufi mgongoni. A ina upana wa milimita 13 upande wa juu. B ina 17. Puli iliyochongwa kwa B ina mfereji mpana. Ukiweka A ndani yake, mkanda unazama mpaka chini ya mfereji badala ya kubana kando zake. Mkanda wa V unashika kwa ubavu. Ukikaa chini, unateleza. Na tazama ubaya wake: injini juu inanguruma vilevile, mkanda unazunguka, mtu wa juu anaona kila kitu kiko sawa, anawasha sigara. Ni feni tu ndiyo imepunguza mwendo. Chini, kwenye galeri, hewa inapungua polepole. Kichwa kinaanza kuuma, miguu inakuwa mizito, na mchimbaji anafikiri ni uchovu kwa sababu jana pia alichoka.

Muuzaji aliyetoa A mahali pa B kwa sababu B iliisha hakuona shida yoyote. Urefu ulilingana. Kwenye kinu cha kusaga mahindi, unga ungechelewa kidogo na mama angelalamika. Yeye hakuuliza mkanda unaenda kuzungusha nini, na mnunuzi hakusema. Swali hilo, "unaenda kufanya nini nayo?", ndilo muuzaji wa zamani alikuwa anaanza nalo kabla hajanyoosha mkono kwenye rafu. Ukisimama dukani na hakuna anayekuuliza, mwambie mwenyewe: "Kijana wangu, hii ni ya kupelekea watu hewa." Nimeona uso wa kijana ukibadilika kwa sentensi hiyo, akaweka mkanda chini na kumwita mkubwa wake.

Kuna INPP, ile ya kufundisha kazi, iliyoanza mwaka 1964 na yenye nyumba Goma, na kuna shule za ufundi zinazotoa mafundi kila mwaka. Zinafundisha kutengeneza. Kuuza piesi kunahesabiwa kuwa biashara tu, kama kuuza sabuni. Shirikisho la wafanyabiashara na vyama vya ushirika vya wachimbaji vingeweza kukaa meza moja na kuomba wiki mbili tu za mafunzo kwa watu wa kaunta: kusoma rulema, kusoma mkanda, kutumia piakulisi, kile kipimo cha chuma chenye meno mawili. Kuna maduka machache pale Birere ambayo bado yanakiweka juu ya kaunta, kimefungwa kamba kisitembee. Wamotari wanayajua, na foleni zake ni ndefu kuliko za majirani wenye rangi mpya ukutani. Vyama vya ushirika vingetangaza maduka hayo kwa wanachama, mabosi wengine wangeamka haraka sana.

Kwa sasa, beba piesi ya zamani. Hata kama imevunjika vipande vitatu, beba vyote vitatu. Kama haitoki kwenye mashine, piga picha ya kibati cha injini na ya namba kwenye chuma, karibu, kwenye mwanga, halafu usiifute kwenye telefone. Motari akitumwa, asitumwe na rangi.

Na nyumbani? Kule Walikale nilionyeshwa daftari la mke wa PDG mmoja, lile la shule lenye mistari. Mbele kuna madeni ya petroli na ya mchele. Nyuma, kwa mwandiko wa wima, ameandika alichosomewa na fundi jioni moja chini ya tochi: "Motopompe ya bleu, 168F-2. Motopompe nyekundu, 168F. Rulema 6204 2RS. Mkanda wa hewa, B, si A." Neno "si" amelipigia mstari mara mbili. Kabla mtu yeyote hajapewa pesa ya kwenda Goma, anapita kwanza kwake, ananakili.